Kipa wa Kuazima

Mwaka nilioanza chuo Bukoba, timu zetu mbili zilikuwa zinajengwa upya. Ya kikapu ilisimama mapema. Mwenzangu wa chumba, mchezaji wake mrefu kuliko wote, alirudi nyumbani kwetu Nshambya kila Jumamosi akipiga mluzi. Mimi, beki wa timu ya soka, nilirudi nikichechemea.

"Nyie mnatafuta watu watano tu," nilimwambia. "Sisi tunatafuta kumi na mmoja."

Siku tuliyokwenda kucheza Izigo, kipa wetu aliamka na homa. Kocha alimgeukia mwenzangu, aliyekuja kushangilia tu.

"Unaweza kudaka?"

"Mikono ninayo," akajibu.

Alidaka kila mpira uliokuja. Mara moja alijisahau akaanza kuudunda kama yuko kwenye kikapu, na wenyeji wakacheka mpaka wakakaa kwenye nyasi. Tulitoka sare bila bao. Ilikuwa mechi yetu ya kwanza bila kufungwa, tukaimba njia nzima hadi Bukoba.

Kocha alimwomba ahamie kwetu. Alikataa kwa upole, ila jioni baada ya mazoezi yake alikuja kumfundisha kipa wetu kudaka mipira ya juu.