Kunjo la tano aliliandika mwenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi mashine ya kuchapa inaanza kunguruma nyuma ya ukuta, na meza ya Mama Chiriku inatetemeka kidogo. Anavuta karatasi pana kama shuka ya mtoto. Anaikunja, anapitisha kijiti bapa cha pembe juu ya mkunjo ili ulale, kisha anaikunja tena. Mara ya tatu karatasi imekuwa kurasa kumi na sita. Anaiweka kwenye rundo la kushoto na kuvuta nyingine.

Haangalii mikono yake. Anaangalia namba zilizo pembeni mwa kurasa.

"Nikiangalia mikono nakosea," anasema. "Yenyewe inajua."

Karatasi moja iliyokunjwa hivyo huitwa kunjo. Makunjo kumi yakipangwa, yakashonwa na kupakwa gundi, ni kitabu cha shule. Kwa saa moja Mama Chiriku hukunja karatasi mia moja na hamsini. Ana miaka thelathini na minne, na huu ni mwaka wake wa tisa kwenye meza hii. Seti kamili ya vitabu vya darasa la nne, ambavyo amevikunja kwa maelfu, ingemmalizia karibu nusu ya mshahara wa mwezi.

Ndiyo maana hakuinunua. Aliitengeneza nyumbani, kwa karatasi zilizoharibika.

Chiriku ni jina ambalo bibi alimpa mjukuu wake kwa sababu mdomo wake haupumziki. Alikuwa na miaka saba, darasa la pili, alipoanza kuchechemea. Daktari alitazama picha ya nyonga na kusema mfupa umelegea, unahitaji muda mrefu bila kubeba uzito. Mtoto asiruke, asikimbie, asipande ngazi, na atembee kwa magongo tu. Huenda ikachukua miaka miwili.

Darasa lake lilikuwa ghorofa ya pili. Lilikuwa na watoto themanini na sita.

"Mwalimu mkuu hakunifukuza, nisimsingizie," anasema Mama Chiriku. "Alisema, mama, watoto hawa wakitoka mapumziko ni kama maji yamefunguliwa. Watamwangusha. Nikaona anasema kweli."

Basi Chiriku akabaki nyumbani na bibi yake, katika vyumba viwili vyenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Baba yake anaendesha malori ya masafa marefu, hurudi kila baada ya miezi miwili. Safari ya kwanza baada ya habari hiyo alileta kitabu kinene chenye picha za rangi, kilichoandikwa juu kwamba kina masomo yote. Chiriku alikipaka rangi chote kwa siku mbili.

Mama akaenda mwenyewe kwa muuza vitabu vya mitumba. Akarudi na kitabu cha mazoezi cha bei nafuu. Mmiliki wake wa zamani alikuwa ameshajaza majibu yote kwa kalamu.

"Tukafurahi, tukasema angalau tutajua majibu," anacheka. "Wiki nzima namfundisha mwanangu majibu ya mtoto mwingine. Kumbe yule mtoto naye hakuwa anajua kitu!"

Kila siku alikuwa akipita mbele ya pipa la karatasi za makosa: zilizokolea wino, zilizokwenda upande, zenye madoa. Huuzwa kwa kilo kwa watu wa kufungashia. Ilimchukua siku tatu kupata ujasiri wa kumwomba msimamizi. Siku ya kwanza aliishia kumwuliza kama gundi ipo ya kutosha. Siku ya pili akamwuliza tena. Siku ya tatu msimamizi akasema, "Dada, gundi ipo. Sema shida yako."

Akasema.

Msimamizi alikubali kwa sharti moja. Kila karatasi ipigwe alama kubwa ya mkasi, kama ya swali lililokosewa, kwa kalamu nyekundu, kona hadi kona, ili isije ikauzwa kama kitabu kizima, na mlinzi wa getini aihesabu. Jioni ile alitoka na karatasi kumi na moja chini ya kwapa.

Chiriku alizitazama, akazisukuma mbali.

"Mama, hizi zote wamekosa. Kila ukurasa umekosa. Mimi nisome makosa?"

Ilibidi bibi aingilie. Bibi hajui kusoma, lakini hakuna anayekaa na Chiriku mchana isipokuwa yeye, kwa hiyo mwalimu wa zamu ni yeye. Alichukua karatasi moja, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mkasi huu ni wa mlinzi, asije akamshika mama yako. Ya kwako ni yaliyo chini yake. Haya, anza."

Bibi ana mtihani wake. Humwambia mjukuu asome ukurasa, kisha ausome tena. Maneno ya mara ya pili yakitofautiana na ya kwanza, anajua mtoto anatunga.

"Ananionea," anasema Chiriku. "Siku nyingine nilitunga vizuri kuliko kitabu."

"Ulitunga mbuzi akaenda hospitali," anajibu bibi. "Mara ya pili akaenda sokoni. Nikajua huyu mbuzi ni wako."

Mama hakuchukua kila kilichotoka kwenye pipa. Alichagua. Alikuwa akisimama pale dakika kumi baada ya kazi na kusoma nusu ukurasa. Kama hakuelewa bila kuelezwa, aliurudisha, maana nyumbani hakuna wa kueleza. Yeye mwenyewe aliacha shule katikati ya darasa la tano, mdogo wake alipozaliwa na mama yake akaugua. Alipendelea kurasa zenye mfano mmoja uliofanywa hadi mwisho, kisha maswali machache. Zenye maswali hamsini aliziacha. "Hizo ni za kumtuliza mwalimu," anasema.

Kukunja walikunja pamoja, sakafuni. Hapo ndipo Chiriku alipogundua jambo ambalo mama yake, kwa miaka yote ile, hakuwahi kulisema kwa maneno. Kwenye karatasi ya kunjo la kwanza, kurasa mbili zinazolala ubavu kwa ubavu zikijumlishwa ni kumi na saba. Moja na kumi na sita. Nane na tisa. Kunjo la pili ni arobaini na tisa. Kila kunjo linaongeza thelathini na mbili.

"Alinipigia kelele kana kwamba nyumba inaungua," anasema mama. "Nikaenda kazini kesho yake nikahakikisha. Ni kweli! Nilikuwa nafanya hesabu hiyo kwa macho tu."

Hivyo ndivyo walivyopita darasa la pili na la tatu, wakaingia la nne. Mwaka huu, mwezi wa tatu, daktari alisema mfupa umeshika. Chiriku aliweka gongo moja chini, baadaye la pili. Shule ikasema itampokea, lakini kwanza afanye mtihani wa darasa la nne. Akipata ishirini na nane juu ya arobaini, ataingia darasa la tano na wenzake. Akikosa, atarudi la tatu, awe na miaka kumi katikati ya watoto wa miaka minane.

"Nikirudi la tatu siendi," alisema Chiriku.

Zilibaki wiki tatu. Ndipo Mama Chiriku alipopanga kitabu cha hesabu cha darasa la nne mezani na kuona kwamba baada ya ukurasa wa sitini na nne unakuja ukurasa wa themanini na moja. Kunjo la tano halipo.

Alikwenda kwenye pipa. Hakuna. Akamfuata fundi wa mashine, mzee mwenye kalamu sikioni, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimtengea karatasi zilizochafuka.

"La tano?" fundi alifikiri. "Ah, la tano nakumbuka. Lile lilitoka safi. Halikuharibika hata moja."

"Hata moja, mzee?"

"Sasa, Mama Chiriku, unanilaumu kwa kufanya kazi vizuri? Ungesema mapema, ningepiga chafya mara moja."

Vitabu vizima vilikuwa vimeshapakiwa na kuondoka. Ukurasa wa themanini na moja ulianza hivi: baada ya kuzielewa sehemu, sasa tuzijumlishe, nusu kuongeza robo. Kwa hiyo kilichokosekana ni sehemu zenyewe, tangu mwanzo.

Mama alirudi mezani kwake akiwa na moyo mzito. Akavuta karatasi. Akaikunja mara moja, akasimama.

"Nikaiangalia. Nikasema, hii si nusu? Nikakunja tena. Robo. Nikakunja ya tatu, moja ya nane. Nikaifungua. Mistari yote iko pale. Robo mbili zimelala ndani ya nusu, wala hakuna wa kukuambia, unaona mwenyewe. Nikacheka peke yangu hadi jirani yangu akaniuliza kama nimepandishwa cheo."

Aliomba vipande vyeupe vinavyobaki baada ya kukata. Kwa jioni tisa, baada ya kazi na kabla ya kupika, aliandika kunjo la tano. Kurasa kumi na sita, kwa kalamu ya risasi, kuanzia namba sitini na tano hadi themanini. Ukurasa wa kwanza unasema: "Chukua karatasi. Ikunje katikati. Usiharakishe." Kila ukurasa una mfano mmoja uliofanywa hadi mwisho na maswali manne. Chiriku alisoma. Bibi alisikiliza, mara mbili kama kawaida, na mahali ambapo bibi hakuelewa, mama alifuta na kuandika upya.

Siku ya mtihani, Ijumaa mbili zilizopita, Chiriku alikaa peke yake katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mama alisubiri kwenye benchi nje, mlango ukiwa wazi. Kwa muda mrefu alisikia kalamu tu. Kisha akasikia sauti ya mwanawe.

"Mwalimu, theluthi ni nini?"

Mama anasema alihisi benchi limekwenda chini. Hakuandika theluthi. Haikumjia hata kidogo. Katika meza yake karatasi hukunjwa nusu, robo, nane. Hakuna kitabu kinachokunjwa vipande vitatu.

"Ni sehemu moja ya kitu kizima kilichogawanywa vipande vitatu sawasawa," alijibu mwalimu mkuu. "Zaidi ya hapo siruhusiwi kukusaidia."

"Naweza kupata karatasi mbili?"

Akapewa. Moja aliikunja robo, upesi, kama mtu wa kazi. Ya pili ikamsumbua. Aliizungusha, akaibana, akafungua, akaanza upya.

"Hii kwetu hatuikunji, Mwalimu," alisema huku anahema. "Lakini ngoja. Itakubali."

Ikakubali. Akaziweka sambamba, akaandika kwamba theluthi ni kubwa kuliko robo. Swali lililofuata, la kujumlisha theluthi na robo, aliliacha wazi.

Alipata thelathini na moja.

Mwalimu mkuu alitoka mlangoni na karatasi mbili zilizokunjwa mkononi. "Nani amemfundisha kufikiri hivi?"

"Ni mimi, Mwalimu. Samahani," alisema Mama Chiriku.

"Samahani ya nini?"

"Theluthi sikuijua kama ipo."

Mwalimu mkuu aliomba kuona kunjo lile. Alilisoma amesimama, kurasa zote kumi na sita. Alisahihisha neno moja. Kisha akauliza kama anaweza kukaa nalo wiki moja, kwa sababu ana watoto themanini wa darasa la nne na nusu yao hawajui kwa nini robo ni ndogo kuliko nusu wakati nne ni kubwa kuliko mbili. Akasema pia kwamba darasa la tano litahamia chini, vyumba viwili vibadilishane, hilo ni suala la kubeba madawati.

Kazini habari ilifika kabla yake. Fundi alimpeleka hadi meza ya vipeperushi, hatua sita kutoka anapokaa yeye. Kijana wa meza ile alikuwa akikunja tangazo vipande vitatu.

"Theluthi," fundi alisema. "Miaka tisa imekaa hapo inakungoja."

Walicheka wote, na yeye zaidi.

"Mimi nashukuru," anasema sasa, akipitisha kijiti cha pembe. "Watu wananiambia pole kwa yaliyompata mtoto. Pole naipokea. Lakini msimamizi angeweza kusema hapana. Mlinzi angeweza kunichosha. Mzee huyu hakulazimika kunitengea kitu. Na mama yangu, mtu asiyejua herufi, amekaa kusikiliza hesabu miaka miwili na nusu. Nikihesabu hivyo, mimi ni mtu niliyebebwa."

Chiriku anaanza Jumatatu. Sare imeshonwa kubwa kidogo, ili imfae na mwakani. Jioni hii yuko sakafuni na bibi yake, anapanga upya makunjo ya darasa la tano yaliyopatikana. Hayatimii, na safari hii si lazima yatimie. Yupo mwalimu.

Mama anavua viatu na kukaa nao. Anasema kuna darasa la watu wazima jirani na shule, Jumamosi, na mwisho wake kuna mtihani wa kumaliza msingi. Ameulizia mara moja. Hajajiandikisha. Anaogopa kidogo kuketi mbele ya watu na kuulizwa swali.

"Alikoingia Chiriku, la tano, ndiko mimi nilikoachia," anasema polepole. "Siku zote nilikuwa nasoma usiku ili kesho nimfundishe. Sasa mbele ya hapo sina. Nikasema, basi atakachokipata shuleni anirudishie, tuone tutafika wapi. Nikifika darasa la sita, Jumamosi nitakwenda."

"Utakwenda wiki ijayo," anasema Chiriku bila kuinua kichwa. "Mimi sifundishi mtu anayesubiri."

Bibi anagonga sakafu kwa kiganja. "Umesikia, mwanangu? Mwalimu kasema."

Mama Chiriku anacheka na kufunika uso kwa mikono yenye gundi. Kisha anamwomba binti yake kalamu, ili aandike siku na saa asije akasahau.