Soli za Melania

Melania nilimpokea mimi mwenyewe hapa Ngokolo, kwenye karakana ya mzee Theonest, tunakoyeyusha raba chakavu na kutengeneza soli za ndala. Binti wa Kolandoto, katoka chuo cha ufundi, mwembamba, ana sauti ya kwaya. Sikumpenda. Mtu gani anaanza kazi Jumatatu, Jumatano bosi keshamwita "fundi wangu"? Mimi niliyeungua mikono hapa tangu mwanangu Goodness yuko mgongoni naitwa "wewe mama".

Sasa mzee akataka kufungua kibanda Geita, machimboni, na fundi wa kwenda ni mmoja tu. Mume wangu Paschal anachimba kule, namwona Krismasi kwa Krismasi. Nilikitaka kile kibanda mpaka nakiota usiku.

Mimi nikishamimina raba ya moto, kalibu, lile chuma lenye umbo la soli, nalidumbukiza kwenye beseni la maji. Soli inatoka upesi, inang'aa. Melania yeye analifunika kwa gunia, anakaa anasubiri, eti soli ipumzike.

"Mama Goodness," akaniambia, "raba hii ni minyororo midogo, haionekani kwa macho. Kila mnyororo una ncha ngumu na katikati laini, vimeshikana, haviachani. Ukiimimina inavutika. Iache kwenye joto itambae, ipenyane, ncha ngumu zikutane na ncha ngumu za mingine. Ukiitia majini inaganda bado imevutika. Siku ikipata joto inajirudi, soli inajikunja."

"Umemaliza mahubiri?" nikamjibu, nikachota maji mengine.

Ili amjue wa kwenda, mzee akatandaza soli zetu juu ya bati, zishinde juani. Jioni za Melania zimelala vilevile. Zangu zimejikunja kama maganda ya muhogo. Wivu ulinikaba, na sifichi, mpaka leo umenikaba. Geita akaenda yeye.

Juzi Paschal kapiga simu, ana raha zake. Kanunua ndala mpya za kupimisha, anakanyagia mawe yaliyoshinda juani na hazijikunji. Na ndala za kupimisha nazijua: fundi anapiga magoti, anakushika kisigino, anauchora mguu wako kwenye kipande cha boksi.

"Nani kakupima?"

"Nani tena kama si Melania wenu? Ana mikono laini yule. Anakusalimia sana."

Nikamwambia azivue sasa hivi, nisikie zikianguka.