Mkono wa Kikapu

Mume wangu alipoona mbao zikishushwa kwenye pikipiki ya mizigo, alinishukuru. Alidhani ni za banda la mbuzi. Nikamwambia huo ni mtambo wa kufumia nguo, nimeupata kwa muuza mitumba Kibondo mjini, na ulitumika Mtendeli enzi za kambi ya wakimbizi. Akautikisa mguu mmoja, mguu ukang'oka. Tukapatana hivi: mkamwana wetu ni mjamzito; nikishindwa kumfumia mjukuu mbeleko kabla hajazaliwa, mbao ni za mbuzi.

Nilicheka. Mimi ni msusi wa vikapu tangu utoto, na hapa Busunzu kikapu changu hakipitishi hata punje ya ulezi. Nguo ingenishinda kwa lipi?

Ikanishinda. Nyuzi za mtambo hutandazwa kwa urefu, nawe unapitisha uzi mwingine katikati yake, kwenda na kurudi. Kila nilipopitisha, mkono ulivuta ukakaza, kama marehemu mama alivyonifunza kwa makofi, maana kikapu kilicholegea ni aibu. Kitambaa kikasinyaa, nyuzi za kando zikakatika. Kwa hasira nikaupiga mtambo teke, nikachechemea hadi jioni.

Nikamwita mama mmoja wa Kasulu aliyewahi kufundisha ufumaji kambini. Akaitazama ile kazi, kisha akaitazama mikono yangu.

"Mama, humu hutii maharage, unatia mtoto," akasema. "Uzi ulegeze kwanza, ndipo uubane."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaunga nyuzi, nikaendelea palepale, na safari hii uzi ukalala! Kitambaa kikapanuka mbele ya macho yangu. Jamani, furaha ile! Ugali uliungua. Niliwaita majirani waje kuona, nikaimba nyimbo za kulima kwa sababu za kufuma sizijui.

Kilikuwa kimebaki kipande kidogo simu ilipoita: mkamwana yuko hospitali, uchungu umeanza. Mume wangu akaleta nyundo, akakaa mlangoni akinichekea. Nikafuma kama mwendawazimu, na kwa pupa ile mkono wa kikapu ukarudi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekata nyuzi tulipoambiwa ni msichana.

Tukaitandaza mbeleko. Nyembamba mwanzoni, pana katikati, nyembamba tena mwishoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mume wangu akasema hiyo haihesabiki mpaka mtoto abebwe nayo, na nyundo hakuirudisha mahali pake.

Mtoto alipokaza shingo, mkamwana akaja nyumbani, akaiomba. Nilimpa huku nikitazama pembeni. Akainama, akamweka binti mgongoni. Sehemu pana ikamkumbatia mtoto mzima, ncha nyembamba zikafungana kifuani kwa fundo dogo.

"Mama, ulijuaje?" akauliza. "Zile za dukani fundo lake linaniumiza."

Mume wangu akafungua mdomo. Nikamwahi, nikamjibu mkamwana kwamba sisi wasusi ndivyo tunavyofuma.