Gari Imekula Nini?

Jumatatu ile, saa nne asubuhi, nilisukuma pikapu yangu hadi gereji moja pale Makole, jasho linanitoka, shati la kazini limeganda mgongoni, na kitu cha kwanza nilichoambiwa ni kwamba leo haifunguliwi.

"Haifunguliwi kwa nini, mzee?"

"Ni ya moto."

"Si ndiyo maana nimeileta? Imechemka!"

"Ndiyo. Imechemka, ni ya moto. Silinda hedi, kichwa cha injini, haifunguliwi injini ikiwa ya moto, inapinda. Iache ilale. Kesho tutaamka nayo."

Nikamwangalia. Mzee wa miaka sitini na ushee, ovaroli limefuliwa likapigwa pasi (pasi, jamani, ovaroli la gereji!), miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Tatizo ni kwamba nilishamwamkia shikamoo. Ukishamwamkia mtu shikamoo, kugombana naye kunakuwa kugumu, maana umeshampa nusu ya ushindi mwenyewe. Nikameza maneno.

Na sikuwa na siku ya kulaza injini. Mama yangu yuko kijijini, Chemba ndani huko, kilomita kumi na mbili kutoka kwenye lami, na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. La kushoto limekwisha kabisa. La kulia linaona mwanga na vivuli. Wiki hiyo madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwenye hospitali moja ya misheni upande wa kwetu, wanapasua kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa adhuhuri, halafu wanafungasha, na hakuna anayejua watarudi lini. Nilimwahidi mama kwamba nitamfuata mwenyewe, kwa gari langu.

Hilo "gari langu" ndilo lililoniponza. Pasaka nilikwenda nalo kijijini mara ya kwanza. Mama alilipapasa kwa viganja kuanzia bampa ya mbele hadi ya nyuma, taratibu, anauliza, "Hii ni taa? Na hii? Na huu ni mlango wa nani?" Kisha akazunguka kijiji kizima, ameshikwa mkono, akitangaza kwamba mwanawe ana gari. Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia apande basi?

Nikampigia. "Mama, nakuja keshokutwa."

"Na gari?"

"Na gari, mama."

"Basi nitaoga mapema."

Jumanne nilimwomba mwalimu mwenzangu ashike vipindi vyangu, saa moja kamili nikawa gereji. Mzee akanipa boksi la katoni. Alikuwa ameligeuza juu chini na kulitoboa matundu kumi, safu mbili za matano matano, kama boliti zinavyokaa kwenye hedi. "Shika hili. Boliti nikitoa, unachomeka kwenye tundu lake. Mwenye gari kwangu hakai kwenye kivuli kusoma simu. Anashika boksi, anaona kila kinachotoka, kesho asiseme nimemwibia." Nimesoma chuo kikuu, nafundisha fizikia sekondari, na asubuhi ile nilisimama juani nimeshika boksi kama mtu wa kukusanya sadaka.

Kabla hajagusa spana, akauliza, "Mwalimu, gari imekula nini?"

"Imekula nini vipi?"

"Mgonjwa akifika hospitali anaulizwa amekula nini. Gari haisemi, mwenyewe ndiye anayesema. Kwenye rejeta umeweka nini?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikasema, "Maji. Na ile dawa ya kijani ya rejeta."

Ngoja niwaambie ninyi ukweli ambao sikumwambia yeye. Siku ile ya Pasaka, wakati wa kurudi, rejeta ilianza kuvuja katikati ya pori, hakuna kijiji wala mtu. Maji nilikuwa nayo kwenye dumu. Cha kuzibia sikuwa nacho. Nilishawahi kusikia madereva wakisimulia kwamba ukikwama unatia unga kwenye rejeta, unaziba tundu, unafika. Unga sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni mfuko wa mlenda wa kukausha, uliotwangwa ukawa vumbi la kijani, zawadi ya mama. Ameuchuma kwa kupapasa, ameuanika, ameutwanga haoni hata kinu kiko wapi. Nikajiuliza, kama unga unaziba, mlenda unaovutika vile utashindwa? Nikamimina mfuko mzima. Na ukaziba, nakuambia! Haikudondoka hata tone hadi nyumbani Nzuguni. Nilijiona mhandisi. Miezi mitatu nimeendesha gari lenye mboga tumboni, nikiona fahari kimyakimya, na mama aliponiuliza kwenye simu kama mlenda ulikuwa mtamu nikamjibu tumekula hadi tukalamba sahani.

Sasa mwalimu wa fizikia anaanzaje kusema hayo mbele ya gereji nzima? Nusu ya waliokuwa pale wana watoto wanaosoma kwangu. Nikasema dawa ya kijani.

Mzee akaanza. Akamwaga maji, akafungua mipira ya rejeta, akafungua mkanda, akatoa kifuniko cha juu. Kila kitu anakifuta, anakiweka kwenye gunia kwa mpangilio. Mimi moyoni nasema, baba, chuma hicho, siyo vyombo vya harusi. Alipofika kwenye boliti kumi za hedi nikajua kwamba leo tutalala hapa. Hafungui moja akaimaliza. Anaanza ya pembeni, robo mzunguko. Anahamia ya pembeni upande wa pili, robo mzunguko. Anaingia ndani kidogo kidogo hadi za katikati, kisha anarudi pembeni kuanza upya.

"Mzee, si ungetoa moja moja tu?"

"Haraka haraka haina baraka, mwalimu."

Methali hiyo sitaki kuisikia tena maishani mwangu.

Boliti ya saba ikakaza. Akaidondoshea mafuta, akakaa, akanywa chai. Nikamwambia agonge. Akasema hagongi, akilazimisha itakatikia ndani. Tukaingoja boliti saa nzima, watu wazima wawili. Ilipokubali akanipa, nikaichomeka kwenye tundu la saba. Kisha hedi yenyewe ikang'ang'ania. Hakuingiza bisibisi kuing'oa, akachukua kipande cha mti akawa anaigonga ubavuni polepole, huku na huku, hadi ikaachia kwa sauti ya kitu kinachobanduka. Tukainyanyua, mimi upande huu, yeye upande ule.

Gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na injini, ilikuwa imeungua katikati. Hilo alilitegemea. Asilolitegemea ni matundu ya kupitisha maji, maana yalikuwa na ute mzito, kijani cheusi. Akachovya kidole, akanusa. Akanusa tena.

"Mwalimu, gari imekula nini?"

"Si nimekuambia, ile dawa. Labda imezeeka."

"Inanukia kama nyumbani kwangu saa ya chakula."

"Labda una njaa, mzee."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Akafuta matundu kwa kitambaa, hedi ikaenda kwa wenye mashine ya kusawazisha vyuma, ikarudi Jumatano asubuhi imenyooka. Akaanza kurudisha. Safari hii boliti zinaanzia katikati kwenda pembeni, robo, robo, robo, na mimi na boksi langu.

Tukiwa kwenye boliti ya nne simu ikaita. Mama. "Mwanangu, kuna gari la hospitali limepita hapa linachukua wazee wenye macho mabovu. Jirani yangu amepanda. Nimewaambia waende tu, mimi nafuatwa na mwanangu, ana gari lake."

Niliitazama injini. Ilikuwa inapendeza kweli, gasketi mpya inang'aa. Nikasema, "Umefanya vizuri, mama. Leo jioni niko hapo."

Umefanya vizuri! Ulimi huu, ningeukata.

Saa tisa gari likawaka, likatulia, halina moshi. Nikampa mzee mkono kwa mikono miwili. Nikalichukua kulijaribu kwanza barabara ya kwenda Nzuguni, begi langu tayari kwenye kiti. Sikumaliza dakika kumi. Mshale wa joto ukapanda kama mtu anayekimbilia ngazi, mvuke ukafunika kioo, na harufu ikaingia ndani, ile ile, harufu ya chungu cha mama. Nikasimama kando ya barabara nikaupiga usukani kwa ngumi hadi honi ikalia. Mwenye bajaji mmoja akadhani nampigia yeye, akanitukana. Tukatukanana vizuri tu, na ilinisaidia kidogo.

Likavutwa kurudi Makole. Na injini ni ya moto. Na ya moto haifunguliwi. Ikalala tena.

Alhamisi asubuhi mzee akaanza upya. Akanipa boksi. Robo, robo, robo. Hedi ikatoka, gasketi mpya imeungua pale pale. Akaiweka chini, akakaa juu ya tairi, akavua miwani. Mara ya tatu, sasa kwa upole, kama mtu anayezungumza na mwanawe:

"Mwalimu. Gari imekula nini?"

"Mlenda," nikasema.

Watu wa gereji wakageuka. Mzee hakucheka.

"Mbichi au wa kukausha?"

"Wa kukausha."

"Uliotwangwa?"

"Uliotwangwa."

"Kiasi gani?"

"Mfuko mzima."

Akatikisa kichwa, akainuka, akaifungua rejeta, akaipindua. Ilitoka mboga. Sisemi kwa mfano, ilitoka mboga, inavutika, ungeiwekea ugali pembeni. Vijia vyote vya maji vilikuwa vimeziba. Sasa ndipo wakacheka, hata muuza chai alikuja kuona. Nilitaka ardhi ipasuke.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mzee akasema, anapangusa mikono. "Mimi nilifuta mdomo tu, kumbe tumbo limejaa. Ungeniambia Jumanne, rejeta ningeifungua Jumanne. Jana ungekuwa kwa mama yako."

Nilimkasirikia. Nawaambia kweli, nilimkasirikia kwa kusema jambo hilo kwa sauti ya kawaida hivyo. Nilikuwa nimemlalamikia siku nne, pasi yake, robo zake, chai yake, na hakuna hata kimoja kilichonichelewesha saa ishirini na nne. Kilichonichelewesha ni mdomo wangu.

Busara ilikuwa kukimbilia stendi saa ile ile. Lakini hedi ilikuwa imepinda tena, wenye mashine wakasema umeme ukirudi ni kazi ya nusu saa, na mimi nikaamini nusu saa, maana nilishasema nakuja na gari. Umeme haukurudi. Saa kumi jioni nikaenda stendi, basi la mwisho la njia ya kwetu lilikuwa limeondoka.

Ijumaa nikapanda basi la kwanza, na mama kwenye simu nilikuwa nimemwambia tu nakuja, la gari kufa sikuligusa. Saa tatu na nusu nilishuka njia panda. Siku zote pale kuna bodaboda wanagombania abiria hadi wanakuvuta begi. Siku hiyo hakuna hata mmoja, ulikuwa mnada kijiji cha jirani, wote wamekwenda kubeba mbuzi na watu. Nikatembea kilomita zote kumi na mbili, kiatu cha kazini, jua la kwetu mnalijua. Kila gari lililosikika kwa mbali nililisimamia, na kila moja lilikuwa linakwenda kusiko. Saa sita na nusu, bado nakanyaga mchanga, nikaangalia saa. Madaktari walikuwa wameshafungasha.

Nilimwona kabla sijafika kwenye ua. Amekaa kwenye kigoda mlangoni, kitenge cha kanisani, amejifunga kilemba kipya, begi miguuni. Mapajani ameshika mfuko mdogo, nami niliujua bila kuambiwa una nini. Uso ameuelekeza barabarani, sikio limetangulia kidogo, anasikiliza. Kando yake amekaa yule jirani yake, mama mzee kama yeye, amerudishwa asubuhi ile, jicho moja lina bandeji na lingine limefunguka, anatazama kila kitu, kuku, ukuta, mikono yake mwenyewe.

Jirani ndiye aliyeniona. Akaninyooshea kidole kutoka mbali, akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya juu, "Mwanao yule pale! Anakuja kwa miguu!"

Mama hakugeuka. Alikuwa bado anasikiliza barabara.

"Macho yako hayajapona vizuri," akamwambia. "Wangu anakuja na gari."