Shimo la Sebuleni kwa Mama

Sisi tuliokulia kwenye kimji chetu cha mgodi, nje kidogo ya Busia, mvua ikinyesha hatukukimbilia ndani. Tulikimbilia mtaroni na mabeseni ya mama zetu! Kampuni ya Wazungu ilishachimba ikaenda zake zamani, ikatuachia mashimo, lakini mvua bado ilituteremshia vumbi la dhahabu. Tulichekecha tope mpaka vidole vikajikunja. Mwenzetu mmoja alificha chembe mdomoni, akaimeza. Kwa siku kadhaa baada ya hapo, nyumbani kwao hakuruhusiwa kwenda chooni peke yake.

Jioni tulikula mihogo ya kuchemsha na simsim ya kusagwa, tumekaa kwenye sakafu ya sebule ambayo Mama aliisiriba kwa samadi kila Jumamosi. Harufu yake ninayo puani hadi leo. Tukianza kupiga domo kuhusu utajiri, Mama alitukatiza: "Dhahabu hailiwi. Kesho mapema, shambani!" Na tulikwenda.

Vijana wa leo, jamani! Jembe wanaliogopa kuliko nyoka. Wana mashine ya kunusa dhahabu ardhini, inayolia pii-pii, na vidude masikioni. Ikilia, wanachimba: uwanja wa shule, kando ya makaburi, popote. Wakikuta ni kopo la soda, wanazidi kuchimba, ati labda dhahabu iko chini ya kopo.

Mwezi uliopita ikalia sebuleni kwa Mama. Mwenye kuishika ni mdogo wangu Wandera, mtu mzima na ndevu zake. Mama alinipigia simu huku Busia ninakouza viatu, nikasikia sururu ikigonga.

"Wandera, toa hiyo sururu kwa nyumba yangu!"

"Mama, wewe ngoja tu. Nakwenda kujengea wewe ghorofa."

"Nani alikuambia nataka ghorofa? Nyumba niko nayo!"

Nikaomba apewe simu, nikamporomoshea matusi yote ya Kisamia ninayoyajua. Akanijibu ati nina wivu. Wivu wa shimo!

Jumapili nikapanda boda boda. Nilikuta ukuta wa sebule umetumbukia shimoni, na mabati juu yake. Ashukuriwe Mungu, ulianguka asubuhi hiyo hiyo Mama akiwa kanisani. Wandera alikuwa anazunguka kifusi na mashine yake, akaniambia bila haya, "Bado kidogo tu, dada." Nililia kwa hasira. Enzi zetu tulikuwa na mabeseni tu, lakini giza likiingia kila mtoto alijua anakwenda kulala wapi. Hawa wana mashine, na mama yao anaazima kitanda kwa jirani.

Mama alikuwa ameketi juani, bado na gauni lake la kanisani. Aliponiona aliinuka, akanishika mkono anikaribishe ndani kama kawaida yake. Akapiga hatua, akasimama.

"Sasa nikukaribishe wapi, mwanangu?"