Amplifaya ya Joab Iliyoogopa Mvua

Naweka beti jogoo wangu mkubwa kwamba hii hutaamini. Watu wa kwetu Kiptere wenyewe walikataa, na wananijua vizuri: mimi ni Kipkemoi, niliacha shule darasa la sita, lakini redio ya kunishinda bado haijatengenezwa huko Japani.

Joab alikuwa mtu wa ziwa, Mjaluo. Alikuja huku kwetu kijana, mwaka wa tisini na sita nikimjua alikuwa ashakuwa fundi wa mashine kwa kiwanda cha chai, na bibi yake Quinter, na nyumba ya stima kwa laini ya wafanyikazi. Shati yake ilinuka majani chai hata Jumapili. Pombe hakunywa. Mapenzi yake yote alimwagia amplifaya moja nyeusi yenye redio ndani, nzito kama ndama. Antena aliifunga juu ya mti mrefu kwa sababu bonde letu linameza stesheni. Asubuhi aliipanguza vumbi kabla hajanawa uso.

Sasa hiyo kitu ikaanza kujizima. Inaimba kidogo, halafu tak! Kimya.

Akaniletea dukani. Nikaiwasha na antena na spika zangu, ikaimba mpaka nikafunga duka.

"Joab, redio ni mzima. Mgonjwa ni wewe."

"Wacha mdomo, Kemoi. Ikifika nyumbani inakufa."

"Basi haikupendi. Mimi inanipenda."

Hakucheka. Joab kutocheka! Akaniambia rekodi ya kwaya ya Quinter itatoka kwa redio Jumapili saa tisa, mara moja tu, na mama mkwe wake, aliyetoka hospitali juzi, anataka kumsikia msichana wake kabla arudi kwao.

"Jumapili nitakuja mwenyewe," nikasema. "Mwambie mama asiwe na wasiwasi, daktari ni mimi."

Nilifika wakati mawingu yanakusanyika. Amplifaya ikaimba vizuri. Mvua ikaanza kugonga mabati, na tak!

"Fundi, ni mvua," Quinter akasema. "Ikinyesha huko nje, hii inazima huku ndani. Nimemwambia, ananiona mjinga."

Mimi mwanamke akisema kitu cha maana nasikia. Nikachomoa waya zote za spika, nikaiwasha. Ikabaki inawaka, mvua inyeshe isinyeshe. Nikarudisha spika ya kwanza: sawa. Ya pili: sawa. Nyuma kulikuwa na waya ingine. Nikaichomeka. Tak!

"Nyumba iko na spika mbili. Hii ya tatu inaenda wapi?"

Joab akakohoa, akaangalia kalenda kwa ukuta.

"Mwambie, baba Clifford," Quinter akamwambia mumewe, mkono kwa mdomo.

"Inaenda kwa Bosibori."

Bosibori ni jirani, nyumba ya pili. Kwa Wajaluo, mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwe wake, hata meza moja hawakai. Kwa hivyo mama alilala kwa Bosibori, na Joab akapitisha waya kwa siri ndani ya ua wa miba ya kayaba mpaka spika iliyowekwa chini ya meza huko. Aliogopa wanaume wa kiwanda watasema anamwimbia mama mkwe, na mama mwenyewe aliachwa adhani ni redio ya Bosibori.

"Si ungempelekea redio ndogo?"

"Redio ndogo huku bondeni haishiki hiyo stesheni."

Nikatoka nje, mvua ikininyeshea. Hiyo waya ilikuwa ya vipande vipande, imesokotwa na vidole, uchi kabisa, bila tepu! Majani ya kayaba yakilowa yanakuwa mazito, yanazilalia nyuzi zake mbili mpaka zinagusana. Na amplifaya ya maana ikisikia waya za spika zimegusana, inajizima isiungue. Iko na akili kuliko mwenyewe.

"Kemoi, saa inakaribia!" Joab akaita kwa dirisha.

"Kwani nimekuja kuchuma chai hapa?"

Nikang'oa uchafu wake wote, miba ikinichapa, nikavuta waya yangu mpya, kipande kimoja, juu ya milingoti ya kuanikia nguo mpaka kwa Bosibori. Nikarudi ndani ninatiririka kama mfereji, nikachomeka, nikapandisha sauti ya kumtosha mama mzee wa watu.

Mtangazaji akataja kwaya. Mvua ikazidi. Joab alishika mlango, macho kwa taa ndogo nyekundu ya amplifaya, kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Sauti ya Quinter ikapanda peke yake, wengine wakaitikia, wimbo ukaenda mpaka mwisho. Taa haikupepesa.

"Umeona?" nikamwambia. "Sema umeona!"

Kabla hajasema, Bosibori akaingia mbio, leso kichwani.

"Joab, mama amelia mpaka amelowesha kitanda changu. Anasema asante kwa mkwe wake. Hiyo waya anaijua tangu siku ya kwanza."

Joab akakaa chini, akacheka mpaka akapanguza macho.

"Tena anauliza," Bosibori akasema, "ni nani alipandisha sauti hivyo, vikombe vinaruka kwa meza?"

Sauti niliipandisha mimi. Nilidhani mama hasikii vizuri. Nilikosea.