Mita Haina Shemeji

Madereva wa stendi ya teksi iliyo mbele ya kituo cha reli walimpa jina la Bi Mita kabla hawajajua lake la kuzaliwa, na yeye akalipokea bila kununa. Gari lake dogo la rangi ya maziwa lilikuwa na mita juu ya dashibodi, kisanduku chenye tarakimu nyekundu, na mji mzima haukuwa na teksi nyingine yenye kitu kama hicho.

Kila mji una namna yake ya kumtoza abiria. Alikozaliwa Bi Mita, nauli huanza pale tairi linapozunguka. Kwa mjomba wake, mji umegawanywa vipande na bei zimeandikwa ubaoni, ukitaka kubishana bishana na ubao. Huku alikoolewa, nauli huanza kwenye viatu. Dereva aliye mbele ya foleni anakutazama viatu, anatazama mizigo, anasikiliza unavyoongea, ndipo anataja bei. Ukimkataa ukamwendea wa nyuma yake, huyo naye sharti ataje ileile au apandishe. Kushusha ni usaliti. Siku aliyoteremka kwenye treni kuja kwa mumewe, godoro kichwani, Bi Mita mwenyewe aliibiwa mchana kweupe kwa utaratibu huo, na hasira ile haikupoa hata miaka ilipopita, mume akafariki na kumwachia gari. Akalifungia mita, akaingia stendi, akawaambia wenzake kwamba yeye hatazami viatu vya mtu.

Mwenyekiti wa stendi, waliyemwita Kamishna kwa jinsi alivyopenda kutoa amri, akamvuta kando.

"Mama, toa hicho kidude. Unatuharibia kazi."

"Nimewaharibia nini? Anayetaka bei zenu si anapanda kwenu?"

"Kitoe, au utoke wewe. Mwisho Ijumaa."

Nyumbani, wifi yake aliyekuwa akiishi naye alimsikiliza huku akipiga pasi sare za watoto. Stendi nyingine zote zilikuwa zimejaa, hazipokei gari jipya, na wote wawili walilijua hilo.

"Wifi, ukifukuzwa pale utaegesha wapi? Toa hiyo mita yaishe."

"Kama nitakula kwa kumkamua mtu mwenye godoro kichwani, bora nilale njaa."

"Wewe lala. Na watoto je?"

Maneno hayo yalimchoma. Usiku alijigeuza hadi kitanda kikalalamika, lakini mita hakuitoa.

Ijumaa Kamishna hakuja na amri, alikuja na hila. Alifungua mlango wa nyuma akaketi kama abiria.

"Nipeleke sokoni. Leo tutauona huo uaminifu wa sanduku lako."

Ilikuwa jioni, watu wanatoka kazini, na alijua fika kwamba njia ya sokoni saa hizo imeziba. Magari yalisimama. Mita haikusimama, maana hata kungoja huwa inakuhesabia. Kamishna alicheka mpaka kofia ikamwenda upande. Walipofika, nauli ilikuwa imeshaipita bei ya stendi.

"Unaona? Sisi tungemtoza mtu chini ya hapo! Sasa mwizi nani?"

Bi Mita alijua kwamba mtu huyu alikuwa anasema kweli. Hata hivyo hakurudi nyuma.

"Sikusema ni rahisi. Nilisema inaonekana. Mwenye suti anaiona, mwenye ndala anaiona, ileile. Lipa."

"Nilipe? Mimi mwenzako? Haya basi, nipunguzie, shemeji."

"Mita haina shemeji."

Kamishna akakunja mikono, akatulia kwenye kiti. Bi Mita naye hakubishana. Aligeuza gari, mita ikiendelea, wakarudi kwenye msongamano uleule kuelekea stendi. Mwanzoni abiria wake alicheka. Baadaye aliacha kucheka, akawa anaitazama mita kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Sasa, madereva wa stendi ile hugombana kwa kila jambo isipokuwa moja: abiria asiyelipa hashuki. Dereva akipiga honi mara tatu, wenzake huacha walichoshika na kuja kulizunguka gari. Walipofika stendi, Bi Mita akapiga honi mara tatu. Wakaja mbio, mmoja na kikombe chake cha chai mkononi, wakaegemea milango na kuanza kugonga paa kabla hawajaangalia aliye ndani.

"Lipa! Lipa pesa ya watu!"

Ndipo wakamwona. Mikono ikabaki juu ya paa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka, maana siku atakapopiga honi yeye, nani atakuja?

"Jamani, ni mimi," Kamishna akasema.

Mwenye chai akainamisha macho. "Tumekuona, Mwenyekiti. We lipa tu."

Akalipa, kwenda na kurudi. Alipokuwa anateremka akamnong'oneza Bi Mita, "Kesho nisikuone hapa."

Bi Mita akatoa kichwa dirishani, akajibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye dirisha la tiketi.

"Mambo ya kesho yaache! Mimi bado nina zamu yangu ya leo. Mbele yangu wapo watano, mimi ni wa sita."

Akarudisha mita kwenye sifuri, akaingiza gari mkiani mwa foleni. Dereva wa tano akawasha injini, akasogea mbele kidogo ili Bi Mita apate nafasi ya kuegesha.